Kimya Katikati ya Msambweni

Shahidi wa Abdulrahim Mwakaneno alikuwa ni pwani nzima ya kusini. Kutoka Likoni mpaka Vanga, kila aliyewasha redio alasiri ile ya Ijumaa alimsikia akisoma kadi za salamu, na mtu anayesikika redioni Ukunda hawezi wakati huohuo kuwa Mwabungo akimpiga binamu yake kisogoni kwa jiwe.

Hivyo ndivyo mkuu wa kituo alivyomweleza Inspekta Tumu Shee asubuhi ya Jumapili, amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Aliyekutwa na damu ya marehemu kifuani, alisema, ni Iddi Boga, na huyo tunaye ndani. Iddi alikuwa mkwezi, akiangua nazi katika shamba linalopakana na la marehemu Salimu. Mwezi uliopita waligombana mbele ya watu kwa sababu ya nazi zilizoangukia upande wa Salimu. Ijumaa, wapita njia walimkuta amepiga magoti ukingoni mwa shimo la kuchimbia mawe ya kujengea, amempakata Salimu ambaye alikuwa amekwisha kata roho. Kesho Iddi angepelekwa mahakamani Kwale, asomewe shtaka la mauaji, na faili lipumzike.

Tumu hakubishana naye. Alizaliwa Vanga, na alikuwa na tabia ya watu wa kwao ya kumwacha mwenye cheo amalize kusema, kisha kufanya alilokusudia. Mkuu alipoondoka, alimwita Sajini Katana, wakatoka pamoja.

Mambo mawili hayakumkaa vizuri. La kwanza ni shati la Iddi. Damu ilikuwa imelowa kifuani na kwenye mikono ya shati, pale panapolowa mtu anapombeba majeruhi. Tone lililoruka halikuwapo hata moja. La pili ni shamba lenyewe. Salimu na Abdulrahim walirithishwa na mjomba wao kwa pamoja, na tangu hoteli zianze kusogea kuelekea Mwabungo alikuwapo mtu aliyetaka kulinunua. Abdulrahim alikubali. Salimu alikataa, na bila ya yeye kuweka kidole chake shamba halikuuzika.

Kwa hiyo Abdulrahim alikuwa na sababu. Kilichomlinda ni sauti yake.

Katana alikuwa amekwisha zunguka Ukunda Jumamosi kuuliza watu kama walimsikia Abdulrahim katika Redio Mvuleni. Wote walisema walimsikia. Siku hii Tumu alitaka swali jingine liulizwe: walisikia nini hasa? Wakaanza Kona ya Musa, duka kwa duka, na majibu yalikuwa ya kukatisha tamaa. Kinyozi alikumbuka nyimbo mbili za taarabu. Muuza mitumba alikumbuka kwamba salamu za shemeji yake hazikusomwa. Watu husikiliza redio huku mikono yao inafanya mengine.

Mwanafatuma ndiye aliyekumbuka. Alikuwa mama wa makamo mwenye kibanda cha viazi vya karai, na mumewe alikuwa baharia Maskati. Kila Ijumaa alirekodi kipindi cha salamu kwenye kaseti, akampelekea mumewe kwa mkono wa mtu anayesafiri, apate kusikia majina ya watu wa kwao.

“Shikamoo, mama,” alisema Tumu.

“Marahaba, mwanangu. Karibuni mkae, viazi ni vya moto.”

Walikaa. Tumu alieleza alichokuwa akikitafuta, na kabla hajamaliza Mwanafatuma alikuwa amekwisha kuvuta redio-kaseti yake kutoka chini ya meza. Alilalamika kwamba Ijumaa Abdulrahim alimharibia kanda. Katikati ya kusema alinyamaza, naye akadhani kaseti imenasa. Alipochungulia, ilikuwa ikizunguka kama kawaida. Hata simu za wasikilizaji, ambazo kila wiki huzipokea mwisho wa kipindi, siku hiyo hakuzipokea. Alisema laini ni mbovu.

Akabonyeza kitufe. Ilitoka sauti ambayo Tumu, kama kila mtu wa upande ule, aliijua kama ya jirani: nzito, laini, isiyokimbilia neno. Ilisikika karatasi ikipapasa, kisha: “Na sasa tunateremka kusini, salamu ziwafikie wapenzi wetu wa Msa…”

Kimya. Mwanafatuma aligeuza viazi karaini, kimoja kimoja, akavitoa vyote, akaviweka kwenye sinia.

“…mbweni, wakiongozwa na Bi Mwanarusi na watoto wote wa nyumbani.”

Sauti iliendelea kama isiyojua kwamba ilikatika. Katana aliomba kiazi kingine. Tumu aliomba kaseti irudishwe nyuma.

Walisikiliza tena, na mara ya tatu. Tumu aliinamisha sikio mpaka karibu na spika. Kisha aliomba ruhusa, akaigeuza redio-kaseti upande wa redio, akakizungusha kisukanio mpaka mahali pasipo na stesheni yoyote. Ikatoka kelele ya kuchacharika, kama mafuta yanayotiwa kitu kibichi.

“Stesheni ikizimika, redio husema hivi,” alimwambia Katana. “Mpigie Abdulrahim. Muulize kilitokea nini. Muulize vizuri, kama mtu anayetaka kumalizia karatasi.”

Katana alikwenda pembeni na simu yake ya mkononi. Aliporudi alisema kwamba Abdulrahim alijibu bila ya wasiwasi wowote: stima zilipotea kwa muda mdogo, mnara ukazimika, kisha zikarudi, naye akaendelea kusoma.

Tumu alilitazama karai. Kama mnara ulizimika, redio ya Mwanafatuma ingepiga kelele ile ya mafuta, na kaseti ingeinasa. Kaseti haikunasa kelele yoyote. Ilinasa kimya safi, na kimya safi maana yake ni kwamba mnara ulikuwa hewani, umeme upo, mitambo inafanya kazi, ila hapana kinachosemwa. Tena, mtu anayesoma stima zikapotea hajui mara moja kwamba zimepotea. Hupitiliza maneno mawili matatu, na hayo msikilizaji huyakosa. Hapa haikukosekana hata herufi moja.

Muuza kanda wa upande wa pili wa barabara aliwatolea nakala ya kaseti, ili ya Mwanafatuma ibaki na mwenyewe iwahi safari yake. Kutoka hapo walikwenda kwenye jengo la redio. Studio ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na mwenye duka aliapa kwamba Ijumaa stima hazikupotea. Vijana wake walikata nondo kwa mashine mchana kutwa mpaka magharibi. Bawabu wa jengo naye alirudia alichokwisha kuandikisha. Alimwona Abdulrahim akipanda baada ya sala ya alasiri, akamwona akishuka magharibi. Tumu alimuuliza kama alimwona katikati. Bawabu alishangaa. Atamwonaje, na yeye yuko juu anatangaza? Nyuma ya jengo palikuwa na ngazi ya chuma iliyoshuka mpaka penye jenereta, na mlango wa bati uliotokea uchochoroni. Funguo za mlango ule walikuwa nazo watangazaji, kwa sababu hapo ndipo walipoegesha pikipiki zao.

Basi njia ya kutoka ilikuwapo. Lakini njia ya kutoka haikumaliza neno, maana sauti ilikuwa hewani, na Tumu hakuwa na la kumwambia mkuu wake juu ya sauti ile ila kwamba ilinyamaza vibaya. Alihitaji mtu wa kumweleza kimya kinatengenezwaje.

Mtu huyo aliitwa Kahindi. Alikuwa na stashahada ya uhandisi kutoka Mombasa, na aliitundika ukutani katika chumba chake cha kutengenezea kompyuta, mahali ambapo mteja hawezi kuikwepa. Redio Mvuleni ilimwita kila mitambo inapogoma. Alikuwa akila wali wa nazi kwenye bakuli, na hakuliacha bakuli kwa ajili ya polisi, ingawa aliwakaribisha vizuri na kuwapa viti.

Tumu alimwekea kaseti. Kahindi alisikiliza huku anatafuna. Kimya kilipofika alitikisa kichwa kama daktari anayesikia kikohozi anachokijua.

“Hiyo ni diski,” alisema. “Ile ya redio ina ugonjwa. Nimewaambia wanunue nyingine, wananiambia mwezi ujao.”

Tumu alimtaka aeleze kama anayemweleza mtu asiyejua, naye Kahindi alionekana kulipenda ombi hilo. Kompyuta, alisema, haiendi yenyewe kuchukua sauti kwenye diski. Hutoa amri: niletee kipande fulani. Anayeipeleka amri ile ni programu ndogo inayosimama katikati ya kompyuta na diski. Mafundi huiita dereva. Dereva akifika mahali palipoharibika, pasiposomeka, harudi mikono mitupu. Anaipeleka amri tena. Akishindwa, tena.

“Mpaka lini?”

“Mpaka kikomo alichowekewa. Ni namba tu, unaiandika wewe mwenyewe. Muda wote huo anapojaribu, kompyuta imesimama inamngoja.”

Akaendelea kueleza kwamba kikomo cha kufaa hutegemea kazi. Kwenye kompyuta ya benki utataka dereva ajaribu mpaka achoke, kwa sababu tarakimu moja ikikosekana hesabu nzima imeharibika. Redioni ni kinyume. Silabi moja ikimezwa, mwenye kusikiliza hashtuki. Kimya humshtua kila mtu. Kwa hiyo diski ya Redio Mvuleni ilipoanza kuugua, Kahindi aliiwekea kikomo cha chini kabisa: jaribu mara mbili, ukishindwa pita, endelea na kipande kinachofuata. Tangu hapo hapakuwa na malalamiko.

“Kwa kikomo hicho,” alisema Tumu, “kimya kirefu kama hiki kingewezekana?”

“Hakiwezekani. Hapa mtu amepandisha namba.”

“Nani anajua kuipandisha?”

Kahindi aliweka kijiko chini. Alhamisi, alisema, Abdulrahim alimpigia simu. Alidai kwamba kuna tangazo la biashara linamezwa maneno na mwenye biashara anafoka. Akauliza kama kuna namna ya kuilazimisha mashine isome kila kitu. Kahindi alimwelekeza mahali pa kuandika namba. Alimwonya asiiache juu wakati wa kipindi. Abdulrahim alishukuru, na hakupiga tena.

Tumu alisogeza kiti chake karibu.

“Mtu anayesema kwa kinywa chake mbele ya kipaza sauti,” aliuliza, “diski inamhusu nini?”

Kahindi alijipangusa vidole. Akaitazama kaseti.

“Haimhusu,” alisema. “Sauti yake inakwenda moja kwa moja kwenye mitambo. Diski ingekufa kabisa, asingejua mpaka atake kupiga wimbo.”

“Na hapa hapakuwa na wimbo. Palikuwa na neno Msambweni.”

Kahindi alilifunika bakuli lake, akaanza kukusanya vifaa vyake kwenye mkoba bila ya kuambiwa.

Mwenye redio aliwaruhusu kwa simu kuingia studio na kuitazama mashine. Walipanda alasiri, saa ya Abdulrahim kujiandaa kwa kipindi cha jioni. Alikuwa mtu wa miaka arubaini hivi, msafi, kofia yake ya vito, iliyodariziwa kwa mkono, imekaa sawasawa kichwani. Tumu alimpa pole kwa msiba; Salimu alikuwa amezikwa jana yake. Abdulrahim alipokea pole ile kwa maneno yanayostahili, akamshukuru Mungu kwa kila hali, akawauliza kama watakunywa chai.

Tumu alimweleza kwamba wamekuja kukiangalia kile kimya cha Ijumaa. Alimwomba aketi. Katana alisimama karibu na mlango wa ngazi ya chuma.

Kahindi aligonga herufi chache, akasoma kilichotokea kwenye kioo. Namba aliyoiacha yeye ilikuwa mbili. Iliyokuwapo sasa ilikuwa mia. Abdulrahim alikiri mara moja kwamba aliibadilisha yeye, kwa ajili ya lile tangazo. Akataja biashara yenyewe, duka la magodoro la hapo hapo Ukunda. Kahindi aliirudisha namba kwenye mbili, akalipiga tangazo. Lilikwenda kutoka mwanzo mpaka mwisho bila ya kumeza neno. Akalipiga tena. Likawa vivyo hivyo.

“Mashine hizi,” alisema Abdulrahim, “leo hivi, kesho vile.”

“Labda,” alisema Tumu. “Ijumaa kipindi kilikuwa cha moja kwa moja?”

“Nimekwisha kuandikisha hivyo, na sahihi nimetia.”

Tumu alimwuliza Kahindi kama sauti iliyofutwa kwenye diski yaweza kupatikana. Kahindi alisema kwamba kufuta ni kama kung’oa kibao cha jina mlangoni. Nyumba iko palepale mpaka mwingine ajenge juu yake, na tangu Ijumaa hapakuwa na mengi yaliyojengwa. Lakini alikuwa na wasiwasi. Akamvuta Tumu pembeni na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba diski ile ilikuwa inakwaruza. Kila dereva anapoirudia sehemu mbovu, sindano hupita juu ya jeraha lilelile. Wakiiacha namba juu na kuanza kusoma, huenda ikafia palepale kwenye jeraha, na kila kilichokuwa mbele yake kipotee nayo.

“Basi anza na namba yako ya chini,” alisema Tumu. “Chukua kila kinachokubali kuchukulika, kiweke kwenye diski nyingine. Hapo penye jeraha pitiliza. Tukisha kuwa na akiba ndipo tutarudi kulichokora.”

Abdulrahim alisema ingekuwa vyema mashine isisumbuliwe, ana kipindi. Katana akamjibu kwamba mwenye redio amekwisha kubali nyimbo zipigwe kutoka kwenye kaseti.

Kazi ilichukua muda. Abdulrahim aliagiza chai, ikaletwa, hakuinywa. Hatimaye Kahindi aliunganisha spika. Sauti ikatoka, na karatasi ikapapasa kama ilivyopapasa kibandani kwa Mwanafatuma.

“Na sasa tunateremka kusini, salamu ziwafikie wapenzi wetu wa Msani, wakiongozwa na Bi Mwanarusi na watoto wote wa nyumbani.”

Katana alicheka, kisha akajikohoza. Abdulrahim alikuwa ameukaza uso.

“Msani,” alisema Tumu. “Hivi ndivyo ulivyoisikia Alhamisi, ulipoijaribu?”

Tumu alimwashiria Kahindi aipandishe namba mpaka mia na kurudi palepale. Sauti ikaanza tena, ikafika “Msa”, ikasimama. Katika kimya kile walisikia diski yenyewe ikigonga ndani ya sanduku, tk, tk, tk, bila ya kuchoka. Tumu aliitoa kaseti mfukoni, akaiweka mezani mbele ya Abdulrahim, akaiacha hapo. Diski ikanyamaza. “Mbweni,” ilisema sauti.

Abdulrahim alivuta pumzi. Kisha akasema, kwa utulivu, kwamba ni kweli alirekodi. Koo lilimwuma tangu Jumatano. Watangazaji wote hufanya hivyo, na aliona haya kulisema mbele ya polisi. Alirekodi, akaketi hapo hapo studio mpaka kipindi kilipokwisha. Sheria gani imevunjwa?

Jibu hilo Tumu alikuwa akilingoja tangu kwa Kahindi, na alikuwa na swali lake tayari.

“Ulikuwa umeketi hapa?”

“Hapo hapo nilipo sasa.”

“Na redio ikanyamaza. Wewe, ambaye silabi moja iliyomezwa ilikunyima raha mpaka ukampigia fundi simu. Pwani nzima inangoja, kipaza sauti kiko mbele yako, swichi iko hapo karibu na mkono wako. Ulifanya nini?”

Abdulrahim aliitazama swichi.

“Ungesema neno moja tu,” aliendelea Tumu. “Ungepiga wimbo. Hata bawabu wa hapo chini angefanya hivyo kama angekuwa humu. Kimya kile kiliachwa mpaka kikajiishia chenyewe, kwa sababu chumba hiki kilikuwa kitupu. Hata habari ya kimya ulipewa na watu baadaye, ndipo ukatafuta stima za kuzisingizia.”

“Niliambiwa mazikoni,” alisema Abdulrahim.

Lilimtoka kama jibu la kawaida. Kahindi, aliyekuwa akiondoa nyaya, alisita na waya mkononi. Katana alisogea hatua moja kutoka mlangoni. Hapo Abdulrahim mwenyewe akatambua alichokisema. Aliivua kofia yake, akaikunja magotini, akaikunjua.

Alisema kwamba hakwenda Mwabungo kuua. Alikwenda kumsihi. Salimu alikuwa mgumu tangu utotoni, hakupatikana ila shambani na peke yake, na mbele ya watu wa nyumbani asingelegea. Walisimama karibu na shimo. Salimu alimgeuzia mgongo.

“Mtu anayekwenda kusihi,” alisema Tumu, “harekodi sauti yake Alhamisi.”

Alimsomea haki zake kwa Kiswahili kilichonyooka, Katana akamfunga pingu. Kabla hawajashuka, Tumu alimwuliza jambo moja ambalo halikuwa na haja ya kuingia kwenye faili: kwa nini hakuiacha ile silabi ipotee? Ingepotea, asingetokea mtu wa kuuliza.

“Mie ni mzaliwa wa Msambweni,” alisema Abdulrahim. “Wangesema Abdulrahim ameshindwa kulitamka jina la kwao.”

Kituoni, mkuu wa kituo alirudishwa kutoka nyumbani. Aliisikiliza kaseti, akaisikiliza diski, akamsikiliza Kahindi kwa muda mrefu kuliko alivyotaka, na mwishowe akatia sahihi ya kumwachia Iddi Boga. Tumu alikwenda kumfungulia mwenyewe.

Iddi alikuwa ameketi sakafuni, mtu mwembamba mwenye nyayo zilizopasuka kwa kupanda. Tangu akamatwe alikuwa akijibu alichoulizwa na hakuongeza: alimkuta Salimu anapumua, akampakata, Salimu akafa. Tumu alimwambia kwamba yuko huru na akamtajia aliyekamatwa. Iddi aliitikia kwa kichwa. Hakuonekana kufurahi wala kushangaa.

Tumu alikuwa amebaki na swali moja, la kukamilisha maelezo tu. Faili lilisema kwamba Iddi alikuwa juu ya mnazi, kisha likasema alikuwa chini na Salimu. Hapakuwa na aliyemwuliza kilichomshusha.

“Redio,” alisema Iddi. “Hujifunga redio ndogo kiunoni ninapopanda. Abdulrahim alikuwa akisoma salamu, akanyamaza. Nikadhani betri zimekufa, nikashuka nizigongegonge. Nilipofika chini ndipo nikasikia mtu anakoroma upande wa shimo.”

“Ukamkuta Salimu.”

“Nikampakata. Mara redio ikaanza kusema tena.” Alijipangusa mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na kitu. “Alifumbua macho. Kusema hakuweza. Alinyoosha kidole pale kiunoni kwangu, kwenye ile redio, akakishikilia hivi. Mie nikadhani kelele inamuudhi, na mtu anakufa. Nikaizima.”